Mbwa mchanga anapopatwa na degedege: jinsi ya kutafuta chanzo

Mbwa wa miezi minne anaanguka ghafla, anakakamaa, anapiga miguu hewani huku povu likimtoka, kisha dakika mbili baadaye anasimama akiyumba. Jibu la haraka ambalo mwenye mbwa hupewa ni kwamba ana kifafa. Mara nyingi jibu hilo hutolewa mapema mno. Kifafa cha kurithi ni jina linalobaki baada ya vyanzo vingine kuondolewa kimoja kimoja, na kwa mbwa wa chini ya miezi sita vyanzo hivyo vingine ndivyo vya kutafutwa kwanza. Anza na maswali matatu: ana umri gani, alikula lini, na ndani ya siku tatu zilizopita amenyweshwa, amechomwa au amepakwa nini. Maswali haya hayagharimu kitu, na mara nyingi hufumbua jambo kabla damu haijachukuliwa.

Degedege likiwa linaendelea

Tazama saa mara moja. Degedege la kawaida huisha ndani ya dakika moja hadi tatu. Likipita dakika tano, au likirudi mara ya pili ndani ya saa 24, mbwa anatakiwa afike kwa daktari wa mifugo mara moja, hata kama ni usiku. Ubongo unaoendelea kutetema muda mrefu huharibika, na joto la mwili hupanda hadi kupita nyuzi 41.

Ondoa viti na vitu vyenye ncha, zima redio, punguza mwanga. Usimtie mkono mdomoni. Mbwa hamezi ulimi wake; anachoweza kufanya ni kukung'ata bila kujua, na katika nchi zenye kichaa cha mbwa jeraha hilo ni jambo kubwa. Usimmiminie maziwa, mafuta ya kula, mayai mabichi wala maji ya mkaa, kwani mnyama asiye na fahamu huvuta vitu hivyo hadi kwenye mapafu. Mtu wa pili achukue video kwa simu tangu mwanzo: uso, miguu yote minne, na namna anavyoamka. Video ya sekunde 40 humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Je, ni degedege kweli?

Mbwa anayeota huchezesha miguu, lakini ukimwita anaamka na kukutambua. Mbwa aliyezimia kwa sababu ya moyo huanguka akikimbia au akichangamka, hulegea, kisha huinuka ndani ya sekunde chache akiwa na akili zake. Degedege huacha alama baada yake: kwa dakika kadhaa au hata saa kadhaa mbwa hutangatanga, hugonga ukuta, hatambui watu, ana njaa au kiu isiyo ya kawaida. Wakati wa tukio huenda akajikojolea au kujinyea.

Kuna hali mbili zinazodanganya. Kwa pepopunda, mwili hukakamaa, masikio husimama na ngozi ya uso huvutwa nyuma, lakini macho yanakufuata na mbwa anajua unachofanya. Kwa sumu ya striknini pia fahamu zipo, na kila kelele au mguso mdogo huleta mkakamao mwingine. Mbwa anayekakamaa kila mlango unapofungwa kwa kishindo apelekwe hospitali kama mwenye sumu hadi ithibitishwe vinginevyo.

Umri hupunguza orodha

Chini ya wiki 12, fikiria kwanza sukari ya damu, minyoo, sumu, na kasoro za kuzaliwa za kichwa au ini. Kati ya miezi mitatu na sita, distempa, ugonjwa wa virusi unaoelezwa hapo chini, hupanda juu ya orodha iwapo chanjo haikukamilika. Kifafa cha kurithi huanza kati ya miezi sita na miaka sita. Kinaweza kuanza kabla ya hapo, lakini ni nadra, na daktari asikubali kukiita hivyo kwa mbwa wa wiki kumi bila kupima. Kichaa cha mbwa na sumu havina umri.

Sukari ya damu

Mbwa wadogo wa aina za Chihuahua, Yorkshire Terrier au Maltese, na kijibwa yeyote aliyedhoofishwa na kuhara, parvo (virusi vinavyoshambulia utumbo) au minyoo, hawana akiba ya kutosha ya sukari kwenye ini. Akipitisha saa nane au kumi bila kula, huanza kulegea, kutetemeka, kutazama bila kuona, halafu degedege. Tukio likitokea alfajiri kabla ya mlo wa kwanza, shuku hili kwanza.

Changanya kijiko kimoja cha chai cha sukari na vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu, chovya kidole, umpake kwenye fizi kwa ndani ya shavu. Fanya hivyo degedege likiisha, na usimimine kooni. Akiamka ndani ya dakika tano hadi kumi, umepata dalili nzuri ya chanzo. Mpe chakula kidogo, kisha umpeleke apimwe, kwa sababu sukari ya kidoleni huisha haraka na kilichoishusha bado kipo. Kipimo chini ya miligramu 60 kwa desilita (3.3 kwa vipimo vya milimoli) si cha kawaida, degedege hutokea zaidi ikishuka chini ya 40.

Kipima sukari cha binadamu kinafaa kwa dharura, lakini kina makosa mawili ya kujua. Kwa mbwa mwenye damu ya kutosha husoma chini kidogo ya ukweli. Kwa mbwa aliyeishiwa damu kwa minyoo ya safura husoma juu ya ukweli, kwa hiyo kijibwa mwenye fizi nyeupe anayeonyesha 65 huenda yuko chini zaidi ya hapo. Kinga ya sukari kushuka ni kulisha mara nne au zaidi kwa siku hadi miezi mitatu, na kutoa minyoo kila wiki mbili kuanzia umri wa wiki mbili hadi wiki 12.

Kilichoingia na kilichopakwa

Hapa ndipo tunaposhauri mwenye mbwa atumie muda mwingi zaidi, kwa sababu dawa za mifugo huuzwa bila cheti katika maduka mengi ya pembejeo, na vipimo vyake vimepangwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Kusanya chupa, vipakiti na mabaki yote uende navyo kwa daktari. Usitegemee kumbukumbu.

Ivamektini, dawa ya minyoo na upele, ya sindano ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, na kwa ng'ombe hutolewa mililita 1 kwa kilo 50. Sasa chukua kijibwa wa kilo tatu mwenye upele. Kwa kipimo kilekile cha ng'ombe angestahili mililita 0.06, tone ambalo bomba la mililita 5 haliwezi kulipima. Anayekadiria kwa jicho huvuta nusu mililita, na hapo amempa zaidi ya mara nane. Kwa kuwa kizuizi kati ya damu na ubongo bado hakijakomaa kwa kijibwa, dawa hupenya. Saa chache baadaye mboni zinapanuka, anayumba, anatoka mate, haoni, halafu anatetemeka na kupata degedege au kupoteza fahamu. Hakuna dawa ya kuiondoa moja kwa moja. Anahitaji dripu, joto na uangalizi kwa siku kadhaa, na wengi hupona wakihudumiwa vizuri. Collie na jamaa zake, pamoja na baadhi ya German Shepherd, wana kasoro ya jeni inayofanya hata miligramu 0.1 kwa kilo kuwa hatari kwao.

Dawa za kuogeshea kupe zinadai umakini wa pekee kwa sababu mbili kati yake hutibiwa kwa njia zinazopingana. Ya kwanza ni kundi la oganofosfeti, pamoja na kabameti zinazotumika shambani: mbwa hulowa kila mahali, yaani mate, machozi, mkojo, kuhara, kutapika, mboni huwa ndogo sana, misuli hurukaruka chini ya ngozi kabla ya degedege. Daktari hutumia atropini, tena kwa wingi. Ya pili ni amitrazi: mbwa husinzia, moyo hupiga polepole, mwili hupoa, sukari ya damu hupanda, na degedege likija huja juu ya usingizi huo. Hapa atropini huweza kumdhuru. Dawa yake ni atipamezoli au yohimbini. Ukifika bila chupa, daktari analazimika kukisia. Kwa zote mbili, vaa glavu, muoshe mbwa kwa sabuni ya kawaida na maji mengi, mkaushe, umzuie kujilamba. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji kwa mbwa, na isitumiwe kabisa kwa walio chini ya miezi minne.

Metronidazoli, kidonge cha binadamu kinachotolewa kila mbwa anapohara, ni chanzo ambacho watu wengi hawakifikirii. Kijibwa wa kilo nne akipewa kidonge kizima cha miligramu 400 asubuhi na jioni, anapokea miligramu 200 kwa kilo kwa siku. Madhara ya ubongo huanza kutarajiwa juu ya 60. Macho huchezacheza kutoka upande hadi upande, kichwa huinama, miguu haishiki, kisha degedege. Acha dawa mara moja. Nafuu huja ndani ya siku kadhaa hadi wiki mbili. Kipimo kinachofaa kwa kijibwa huyo ni robo ya kidonge cha miligramu 200 mara mbili kwa siku, tena kama daktari ameona haja yake.

Levamisoli, dawa ya minyoo ya mbuzi na kondoo, ina nafasi ndogo mno kati ya kipimo na sumu kwa mbwa. Tafuta fenbendazoli au piranteli badala yake. Sumu ya panya ya zinki fosfaidi hutoa harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza mdomoni. Usimlishe kitu, kwani asidi ya tumbo huzalisha gesi zaidi, na fungua madirisha ya gari kwa sababu gesi hiyo ni sumu kwako pia. Ubani wa kutafuna usio na sukari, wenye zailitoli, hushusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya nusu saa hadi saa kadhaa. Mkate na ugali uliofanya ukungu, hasa kwa mbwa wanaozurura jalalani, huleta mtetemeko wa mwili mzima unaoweza kugeuka degedege. Na kama jirani anatengeneza betri za magari, mwambie daktari: madini ya risasi huwapata zaidi mbwa wachanga kwa sababu hutafuna kila kitu.

Macho yenye usaha, pua na nyayo ngumu

Distempa ni virusi, na chanjo yake ipo. Huanza kwa homa, uchafu mzito wa macho na pua, kikohozi na kuhara. Kisha mbwa anaonekana amepona. Wiki moja hadi tatu baadaye, wakati mwingine miezi, degedege linaanza. Lile la distempa mara nyingi huanza na taya: mbwa hutafunatafuna upesi bila kitu mdomoni, mate yakitoka povu, kabla mwili mzima haujashikwa. Gusa nyayo na juu ya pua uone kama ngozi imekuwa nene na ngumu. Mtazame akilala: mguu mmoja au shavu likiruka kwa mpigo uleule hata akiwa usingizini, hiyo ni alama ya distempa ambayo magonjwa mengine huiiga kwa nadra sana.

Hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Daktari hutuliza degedege na kumpa lishe na maji, na baadhi ya mbwa huishi wakiwa na mpigo wa kudumu wa misuli. Wakishaanza kupata degedege mfululizo, matumaini hupungua, na ni haki ya mwenye mbwa kuambiwa hivyo waziwazi. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu hadi nne hadi wiki ya 16. Dozi moja haitoshi, kwa sababu kinga ya maziwa ya mama huizima. Virusi hivyohivyo vilipovuka Serengeti mwaka 1994 viliua takriban simba 1,000, theluthi ya simba wa hifadhi, na chanzo kilichotajwa kilikuwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka.

Kichaa cha mbwa

Swali hili liulizwe kila mara, hata kwa kijibwa wa miezi mitatu: amechanjwa, na amewahi kuumwa au kupigana na mnyama asiyejulikana katika miezi michache iliyopita? Tabia iliyobadilika ghafla, sauti iliyokwaruza, taya iliyolegea, kushindwa kumeza, mate mengi, kung'ata mawe au vijiti, kisha degedege na kupooza, zote zinaelekea huko. Mbwa akishaonyesha dalili hufa ndani ya siku kumi. Mtenge mahali asipoweza kuwafikia watu, na umwite daktari wa serikali. Asiuawe kwa kupigwa kichwani, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa.

Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo akaanze chanjo. Asisubiri mbwa afe kwanza.

Homa, kupe na mbung'o

Pima joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa, lakini subiri nusu saa baada ya degedege, kwani misuli yenyewe hupandisha joto. Kawaida ya mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Homa inayobaki, pamoja na fizi nyeupe au za manjano na mkojo wa rangi ya kahawa, inaelekeza kwenye babesia, vimelea vya damu vinavyoletwa na kupe. Aina ya Babesia rossi, iliyopo Afrika kusini mwa Sahara, huweza kuziba mishipa midogo ya ubongo na kuua ndani ya siku moja au mbili. Tone la damu kutoka ncha ya sikio, likitazamwa kwa hadubini, linatosha kuiona mara nyingi. Tone hilohilo huonyesha vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa mbwa aliyeishi au kutembezwa maeneo yenye mbung'o; ukungu wa bluu kwenye jicho ni kidokezo kizuri.

Matibabu yake nayo yana mtego. Diminazini hutolewa kwa miligramu 3.5 kwa kilo, mara moja. Kipakiti cha gramu 2.36 kikichanganywa na maji mililita 12.5 kama lebo inavyoelekeza, mililita 1 inatosha kilo 20. Mbwa wa kilo tano anahitaji mililita 0.25, yaani alama ya 25 kwenye bomba la insulini la mililita 1 lenye alama 100. Kuzidisha au kurudia baada ya siku chache huleta uvujaji wa damu ndani ya ubongo, na dalili zake zinafanana na za ugonjwa uliokuwa ukitibiwa. Degedege likianza siku moja au mbili baada ya sindano hiyo, mwulize aliyechoma alitumia kipimo gani.

Pwani, wakati wa kaskazi, kuna chanzo kingine kisichohitaji hadubini: joto. Mbwa wa pua fupi aliyefungwa juani au kuachwa ndani ya gari hufika nyuzi 41 na zaidi. Mmwagie maji ya bomba ya kawaida, mpepee, acha kumpoza akifika 39.5, kisha mpeleke.

Ini na kichwa

Kijibwa aliyedumaa kuliko ndugu zake, anayezubaa, kuzunguka au kusukuma kichwa ukutani saa moja au mbili baada ya kula nyama, huenda ana mshipa unaokwepesha damu nje ya ini. Sumu za chakula zinafika ubongoni bila kuchujwa. Kipimo ni asidi za nyongo, damu ikichukuliwa kabla ya mlo na saa mbili baada yake. Kichwa cha duara kupita kiasi, utosi uliobaki wazi na macho yanayotazama chini na nje, hasa kwa Chihuahua na Pomeranian, huelekeza kwenye maji kichwani. Utosi ukiwa wazi, picha ya altrasaundi inaweza kupigwa hapohapo.

Kama mbwa wako mchanga ni jike anayenyonyesha watoto wa wiki moja hadi nne, na anahema, anatembea akiwa amekakamaa, kisha anatetemeka, hilo ni upungufu wa kalsiamu. Watenge watoto na uende mara moja. Kalsiamu huchomwa kwenye mshipa taratibu huku moyo ukisikilizwa.

Kikibaki kifafa

Sasa jina hilo linaweza kutumika: mbwa ana zaidi ya miezi sita, amepata matukio mawili au zaidi yaliyopishana zaidi ya saa 24, yuko sawa kabisa kati ya tukio na tukio, na sukari, damu, ini, kalsiamu na mkojo ni vya kawaida. Picha ya ubongo haipatikani kirahisi na haihitajiki kwa kila mbwa wa namna hii.

Tukio moja fupi halidai dawa ya kila siku. Dawa huanzishwa akipata mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, au akipata degedege la zaidi ya dakika tano, au mfululizo. Fenobabitali ndiyo ya kuanzia: miligramu 2.5 hadi 3 kwa kilo kila baada ya saa 12, kwa hiyo mbwa wa kilo kumi hupata kidonge kimoja cha miligramu 30 asubuhi na kimoja jioni, kwa cheti cha daktari. Wiki mbili za kwanza atayumba, atakula na kunywa sana, atakojoa zaidi. Kiwango chake kwenye damu hupimwa baada ya wiki mbili, na ini kila miezi sita. Dawa za kifafa za binadamu kama fenitoini na kabamazepini hazifai. Mwili wa mbwa huziondoa kabla hazijafanya kazi.

Kosa linaloua zaidi hapa ni kukatisha vidonge ghafla kwa kuwa vimeisha au mbwa anaonekana mzima. Nunua dozi inayofuata ikiwa imebaki ya wiki mbili. Andika kwenye daftari tarehe, saa, urefu wa kila tukio na alichokula siku ile. Asizalishwe, dume au jike. Akimaliza mwaka mmoja hadi miwili bila degedege, daktari anaweza kupunguza dozi kwa asilimia 20 kila mwezi, na tukio moja likirudi, dozi inarudishwa ilipokuwa.